Wimbo Katika Tamthilia ya Kiswahili: Maonyesho, Kumbi na Mafunzo



Utangulizi

Msomaji wa tamthilia ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na maelekezo mafupi ya jukwaani yanayosema kwamba wahusika wanaimba na kucheza. Jicho lake huyapita kwa sekunde moja na kuendelea na majibizano. Jukwaani, maneno hayo machache huweza kuchukua dakika tano, kumi, au hata zaidi. Katika muda huo mhusika hubadilika, mgogoro hukua, na hadhira huacha kuwa watazamaji ikawa sehemu ya tukio. Kinachopotea kati ya ukurasa na jukwaa si pambo. Mara nyingi ni kiini cha tamthilia yenyewe.

Mhadhara huu unajadili nafasi ya wimbo katika sanaa za maonyesho za Afrika Mashariki, kwa kuyatazama kwa pamoja mambo matatu ambayo aghalabu hutazamwa mbalimbali: maonyesho yenyewe, mahali yanapofanyikia, na namna watendaji wanavyofunzwa. Hoja yake kuu ni kwamba lugha ya Kiswahili haikuwahi kuutenga wimbo na uigizaji, ila taasisi ndizo zilizoutenga. Utengano huo una gharama. Kizazi cha mafundi walioijua sanaa hii kwa ukamilifu wake kinatoweka, na maandishi yaliyobaki hayatoshi kumwambia mwanafunzi wa kesho walichokuwa wakikifanya.

Ushahidi wa lugha

Inafaa kuanza na msamiati. Neno "ngoma" lina maana ya ala inayopigwa, mchezo unaochezwa kwa kuifuata ala hiyo, na shughuli nzima inayowakusanya watu kwa ajili hiyo. Kitenzi "kucheza" hutumika kwa ngoma na hutumika pia kwa mchezo wa kuigiza. Na kabla ya istilahi "tamthilia" kuenea, kazi nyingi za jukwaani ziliitwa michezo tu. Neno "kiitikio" nalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Limetokana na kitenzi "kuitikia", na ndani yake mna watu wawili: aitaye na aitikaye. Wimbo wenye kiitikio haukamiliki kwa mwimbaji mmoja. Kwa asili ya neno lenyewe, unadai jibu. Hata "taarab", iliyotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuguswa na kusisimkwa moyo, inaitaja hali ya msikilizaji kabla ya kuutaja ustadi wa mpigaji.

Tahadhari moja ni lazima. Ushahidi wa maneno hauthibitishi kwamba kila ngoma ni tamthilia. Ngoma ya mavuno na mchezo wenye wahusika, kisa na mgogoro ni vitu viwili, na mtaalamu anayevichanganya hapati faida yoyote. Linalothibitishwa ni dogo zaidi lakini lina uzito: mzungumzaji wa Kiswahili aliyekaa kutazama mchezo hakushangaa mhusika alipoanza kuimba, wala hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Suala linalobaki ni mahali gani na mafunzo gani yaliulinda uzoefu huo, na yapi yaliudhoofisha.

Ukumbi na kiitikio

Kumbi za maonyesho zilizojengwa wakati wa ukoloni zilifuata mfano wa Ulaya. Jukwaa liliinuliwa upande mmoja, viti vikapangwa kwa safu vikilielekea, na taa za upande wa watazamaji zikazimwa. Mpangilio huo una mantiki yake. Humsaidia mtazamaji kusikia na kuona bila kusumbuliwa. Lakini humfundisha pia kunyamaza. Mtu aliyekaa gizani, akiangalia kisogo cha mwenzake, haitikii wimbo kwa urahisi.

Jumba la Kitaifa la Maonyesho la Kenya lilifunguliwa jijini Nairobi mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa nchini. Mwaka 1976 lilikuwa uwanja wa mvutano wenye funzo kubwa kwa mada hii. Tamthilia mbili zilikuwa zikiandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC la Lagos la mwaka 1977: *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Kama Ngũgĩ alivyoeleza baadaye, zilipewa siku chache tu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeahidiwa kundi la bale kutoka Ufaransa pamoja na tamthilia ya muziki ya Broadway, *A Funny Thing Happened on the Way to the Forum*. Mzozo haukuwa baina ya wanaopenda muziki na wasioupenda. Ulihusu muziki wa nani unastahili jumba la taifa. Tamthilia ya Kimathi, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*, nayo ilijaa nyimbo na ngoma. Na ilipochezwa, watazamaji walitoka ukumbini wakiimba na kucheza pamoja na waigizaji hadi nje. Jengo lilishindwa kukizuia kiitikio.

Mwaka uliofuata, jambo hilo lilipewa mahali pake panapolistahili. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye uwezo wa kuchukua watu wapatao 2,000. Humo, kuanzia Oktoba 1977, walicheza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji walikuja kutazama, wakasahihisha lugha, wakarekebisha nyimbo na namna ya kuzicheza, kwa sababu wazee waliokuwapo walizijua kuliko waandishi. Hivyo mahali pa mazoezi palikuwa pia darasa, na mstari wa kawaida baina ya mwalimu na mwanafunzi ukageuka: msomi wa chuo kikuu alifundishwa mahadhi na mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani.

Serikali ilifuta kibali cha maonyesho tarehe 16 Novemba 1977, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Kikundi kilipojaribu tena, kwa tamthilia ya nyimbo iitwayo *Maitũ Njugĩra*, kilinyimwa kibali. Watu wakafurika kutazama mazoezi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa mwaka 1982, na mwezi Machi ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Ni vema kulitafakari tendo hilo. Kitabu cha tamthilia hakikuchomwa. Kilichovunjwa ni mahali. Waliotoa amri walielewa jambo ambalo wahakiki wa fasihi wamelielewa kwa shida, kwamba nguvu ya kazi ile haikuwa katika maneno peke yake bali katika watu 2,000 kuitikia kwa pamoja.

*Ngaahika Ndeenda* ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Nitaolewa Nikipenda*, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1982. Msomaji wa Kiswahili akapata kisa na mgogoro. Mahadhi hayatafsiriki kwa herufi. Mwezi Mei 2022 tamthilia hiyo ilirudi jukwaani Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, katika jumba lilelile la taifa, ambalo lilikuwa limefanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2015.

Mafunzo: kutoka vikundi vya taifa hadi vyuo

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa, na baada yake kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, kisha vya sarakasi na maigizo. Kikundi cha ngoma kiliwakusanya mafundi kutoka makabila mbalimbali na kuonyesha sanaa zao katika jukwaa moja. Faida yake ilikuwa wazi, kwani Mngoni na Mmakonde waliona ngoma zao zikiheshimiwa mbele ya taifa. Lakini ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha ililazimika kumalizika kwa dakika chache, na nyimbo ambazo manju alizitunga papo kwa papo kulingana na tukio zilikauka zikawa matini yasiyobadilika.

Vikundi hivyo vilipovunjwa, urithi wake ulihamia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mtaala wake ulikuwa na jambo la thamani: mwanafunzi alikutana na ngoma, muziki, uigizaji, sarakasi, sanaa za ufundi na ufundi wa jukwaani chini ya paa moja. Miongoni mwa walimu alikuwamo Hukwe Zawose, fundi wa marimba na zeze kutoka Ugogo, ambaye elimu yake ilitoka kwa wazee wake. Tamasha la chuo, linalofanyika kila mwaka tangu miaka ya 1980, liliwapa wanafunzi hadhira ya kweli, nayo hadhira ya mji ule haikusita kuonyesha inapochoshwa. Ukumbi wa chuo uliteketea kwa moto mwaka 2002, na ukumbi mpya ukajengwa baadaye. Zawose alifariki mwaka 2003. Jengo lilijengwa upya. Fundi hakujengeka tena.

Kwa upande wa chuo kikuu, Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Kutokana na idara hiyo walitoka watunzi waliojaribu kwa makusudi kuirudisha ngoma na utambaji ndani ya tamthilia andishi. *Harakati za Ukombozi* ya Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya ilichapishwa mwaka 1982. Mwaka huohuo ikatoka *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, na mwaka 1984 *Lina Ubani* ya mtunzi huyohuyo. Katika kazi hizo msimulizi, wimbo na kiitikio vinabeba hoja. Emmanuel Mbogo naye, katika *Ngoma ya Ng'wanamalundi*, alimchukua mcheza ngoma mashuhuri wa Usukuma, ambako wafuasi wa makundi ya Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma na nyimbo kwa vizazi, akamfanya kitovu cha tamthilia. Wahadhiri wa idara walitoka pia kwenda vijijini, kama vile Malya mkoani Mwanza mwaka 1982 na 1983, ambako wanavijiji waliyachunguza matatizo yao kwa kutumia sanaa walizokuwa nazo tayari.

Zanzibar ilikuwa na shule yake bila kuiita shule. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na vikundi vilivyofuata, vilimfunza kijana kwa kumkalisha nyuma ya wakubwa mpaka mkono wake uzoee. Mwaka 2002 chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilifungua milango Mji Mkongwe, na kwa mara ya kwanza qanuni, udi na fidla vikafundishwa kwa ratiba, kwa nota, na kwa vyeti. Wasichana waliopata taabu kuzifikia ala katika vikundi vya zamani walipata mlango. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo chuo cha muziki hufunza muziki, idara ya maonyesho hufunza maonyesho, na idara ya Kiswahili hufunza matini. Mwanafunzi anayetaka kutunga tamthilia ya nyimbo hana budi kubisha hodi milango mitatu, na kila mlango humwambia kwamba sehemu iliyobaki iko kwa jirani.

Vikundi vya jijini: chuo kisichoandikwa

Wakati taasisi zikiigawa sanaa, soko liliiunganisha. Katika miaka ya 1980 na 1990, baa na kumbi za starehe za Dar es Salaam zilijaa watu waliokuja kutazama vikundi vya utamaduni. Muungano, chini ya Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba na yenye uhusiano wa karibu na chama tawala, ndivyo vilivyovuma zaidi. Onyesho la jioni moja lilikuwa na ngoma, kwaya, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza na taarab. Mtazamaji alilipa kiingilio kimoja akapata vyote.

Mashindano ya vikundi hivyo yalifikia kilele katika taarab, pale Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre na Nasma Khamis wa Muungano walipojibizana kwa mipasho. Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapopaswa kusimama. Mpasho ni usemi wenye mlengwa ambaye hatajwi. Mtunzi hufumba, mwimbaji huonyesha kwa jicho na bega, na mtazamaji mwenye kisa chake mwenyewe huinuka na kwenda kumtuza mwimbaji, akiyageuza maneno ya wimbo kuwa yake dhidi ya jirani aliyekaa meza ya pili. Kutuza huko ni tendo la kimaonyesho. Mtazamaji amepanda jukwaani, amecheza nafasi yake, na amerudi kukaa. Ukumbi wa viti vya safu na giza usingeliruhusu tendo hilo.

Michezo ya kuigiza ya vikundi hivyo haikuwa na miswada kamili. Kiongozi alitoa kisa, wahusika wakagawana, na majibizano yakatungwa jukwaani. Vijana walijifunza kazi kwa kuifanya, na mmoja aliweza kucheza ngoma jioni, kuigiza usiku, na kuitikia taarab karibu na alfajiri. Televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994, na baada yake filamu za video, waigizaji na watazamaji wakapata njia nyingine, na maonyesho ya mchanganyiko yakapungua. Kapteni Komba alifariki mwaka 2015.

Uchunguzi wa kina wa maonyesho hayo upo, na miongoni mwa ulio bora ni wa Siri Lange wa Norway na Laura Edmondson wa Marekani. Umeandikwa kwa Kiingereza. Kazi hizo zinastahili shukrani, lakini zinaacha swali lisilokwepeka kwa taaluma ya Kiswahili: mamia ya visa, nyimbo na majibizano yaliyotungwa kwa lugha hii, mbele ya maelfu ya wasemaji wake, yako wapi? Sehemu kubwa imo katika kumbukumbu za watu ambao sasa ni wazee, na katika kanda zinazooza makabatini.

Nini kifanyike

Pingamizi moja linapaswa kujibiwa kwanza. Huenda ikasemwa kwamba tamthilia ya muziki ni utanzu wa London na New York, unaohitaji okestra, mitambo na fedha nyingi, na kwamba kuutamani ni kutamani kanzu ya mwingine. Jibu ni kwamba kinachozungumziwa si utajiri wa mitambo. Kinachozungumziwa ni kisa kinachosonga mbele kwa wimbo, na kitu hicho Kamĩrĩĩthũ ilikifanya kwa mbao na mianzi, na Muungano ikakifanya kati ya meza za baa.

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa. La kwanza linahusu uhariri. Tamthilia za Kiswahili zichapishwe pamoja na mahadhi ya nyimbo zake. Kikwazo cha nota si kikubwa kama kinavyodhaniwa, kwani waimbaji wa kwaya katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki husoma sol-fa kila juma. Kuna umma uliokwisha kuelimika, ambao wachapishaji wa fasihi hawajautumia.

La pili ni mtihani. Mwanafunzi anayeulizwa dhamira za tamthilia bila kuwahi kuisikia ikiimbwa anapimwa kwa nusu ya kazi. Mashindano ya tamthilia ya shule nchini Kenya, yenye historia ya zaidi ya nusu karne, yanaonyesha kwamba vijana wa shule huweza kuimba, kucheza na kuigiza katika kazi moja. Uzoefu huo upewe uzito katika somo la fasihi, usibaki burudani ya muhula.

La tatu ni walimu. Manju, mtambaji na mwimbaji wa taarab waingie darasani wakiwa wakufunzi kamili, wenye mikataba na mishahara, si wageni wa siku moja wanaopigiwa makofi na kupewa nauli. Bagamoyo ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Pamoja nao, idara za Kiswahili, muziki na sanaa za maonyesho ziwe na kozi moja ya pamoja, ambayo mwanafunzi hafaulu mpaka kazi yake ichezwe mbele ya watu.

La nne ni kuhifadhi. Wasanii wa vikundi vya miaka ya 1980 na 1990 warekodiwe sasa, kwa Kiswahili, na wanafunzi wanaojua kusikiliza. Kazi hiyo haihitaji jengo wala sera mpya. Inahitaji kinasa sauti, nauli ya daladala, na adabu ya kumwendea mzee nyumbani kwake na kumwomba aimbe tena.

Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba wimbo katika tamthilia ya Kiswahili unategemea vitu vitatu vinavyoshikana. Bila mahali panaporuhusu kuitikia, kiitikio hugeuka ubeti wa kawaida. Bila mafunzo yanayounganisha sauti, mwili na neno, mtendaji hupwaya. Bila kumbukumbu ya maonyesho yaliyopita, mtunzi mpya huanza kila mara kutoka mwanzo, akidhani hakuna aliyetangulia. Wapo waliotangulia, na baadhi yao wangali hai. Wanafunzi waliohudhuria leo watakapochagua mada za tasnifu zao, wakumbuke kwamba vitabu vitasubiri maktabani, lakini waimbaji hawatasubiri.